Chuma Kizito cha Masalu

"Mkoa mzima wa Shinyanga," Bibi Justa aliwaambia wanawake waliopanga foleni kwenye mashine ya kusaga pale Kolandoto, "hakuna mtu anayeujua muziki wa hevi metali kunishinda mimi." Akajifunga khanga upya kwa madaha, akawaacha wamtazame, kisha akaongeza, "Anayenifuata ni jogoo wangu. Na ameshanikaribia, maana darasa tulianza siku moja, ila yeye hasinzii."

Wanawake wakacheka mpaka mwenye mashine akachungulia nje. Kicheko ndicho alichokifuata. Watu wakiwa wanacheka hawakuulizi habari za nyumbani, na habari za nyumbani kwa Bibi Justa zilikuwa nzito kuliko debe la mahindi alilokuja nalo kichwani.

Nyumbani kulikuwa na Rebeka. Rebeka ni binti yake, mtoto pekee aliyembakia, na Rebeka naye alikuwa na mtoto mmoja tu, Masalu, kijana aliyekwenda machimboni Rwamgasa, kule Geita, kutafuta dhahabu. Mwezi wa Agosti duara lao, yaani lile shimo walimokuwa wakichimba, lilititia. Wenzake walitoka na vumbi mdomoni. Masalu hakutoka. Watu wakafukua, wakafukua, hadi kuta zikaanza kuwadondokea na wao. Ikaamuliwa shimo lifukiwe na sala isomwe juu yake. Kolandoto hakikuja kitu cha kuzika. Ilikuja simu tu, nayo akaipokea jirani.

Msiba ukakaliwa bila jeneza. Kwao, mama wa marehemu hunyolewa kichwa, na nywele zile zikishaanguka ndipo kilio hupata njia. Lakini shangazi mtu alipotoa wembe, Rebeka aliushika mkono wake akausukuma kando.

"Sinyoi nywele kwa ajili ya mtu aliyesafiri," alisema. "Huko mbele kumetokea rashi mpya, dhahabu inaokotwa kama karanga. Vijana wote wamekimbilia. Mnanitakia mwanangu kifo kwa nini?"

Tangu hapo hakutoa chozi. Kila jioni alisonga ugali, akakata kipande cha Masalu, akakifunika kwenye hotipoti. Kila asubuhi akawamwagia kuku. Kuku wa nyumba ile wakanenepa kwa msiba. Nywele zikamrefuka, zikajisokota chini ya kitambaa. Na Bibi Justa, ambaye alikuwa na mzaha kwa kila ugonjwa wa binadamu kuanzia mafua mpaka ndoa, hakuupatia huu mzaha wake. Alichokitaka duniani kilibaki kimoja: binti yake alie. Alie kama watu wanavyolia, anyolewe, amrudie.

Hapo ndipo hevi metali ilipoingilia.

Boaz alifika mara ya kwanza kwenye msiba wenyewe. Alikuwa mmoja wa wale waliotoka shimoni, kijana mrefu, mwembamba, mwenye macho ya mtu anayesikiliza kama paa litadondoka. Bibi Justa alimvuta pembeni, nyuma ya ghala la mtama.

"Mume wangu hakuacha kitu?" alimuuliza. Mume wangu ndivyo alivyomwita Masalu siku zote, kama bibi wanavyotania wajukuu zao. "Hata shati?"

"Alilivaa, Bibi."

"Picha?"

"Zilikuwa kwenye simu yake. Simu alikuwa nayo mfukoni."

"Hata sauti? Aliniambia mna bendi. Aliniwekea siku moja nyimbo za wazungu alipokuja likizo, nikamwambia huyo anayeimba ni mbuzi anayechinjwa kwa kisu butu. Alicheka mpaka akalala chini. Akasema, Bibi, mwaka huu nitakufundisha." Mkono wake ulikuwa umemkaza Boaz kwenye kiwiko. "Hata sauti yake hakuna?"

Boaz alitazama chini. Akautazama ule mkono.

"Sauti ipo," akasema.

Akaondoka. Aliporudi ilikuwa Desemba, watu wako mashambani. Rwamgasa alikuwa ameiacha. Hakuweza tena kushuka ardhini, hata chooni aliingia mlango ukiwa wazi. Sasa alichekecha changarawe za almasi upande wa Mwadui, juani, mahali ambapo juu yake palikuwa na mbingu tu. Jumapili hiyo aliteremka barabarani akiwa na simu na spika nyekundu ndogo, ukubwa wake kama kopo la maziwa ya unga.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu mdogo. Mkubwa hajambo?"

Neno lilimtoka kabla hajalikamata. Kisha Boaz akaweka spika juu ya kinu kilichopinduliwa, akabonyeza.

Kuku walikimbia. Jogoo peke yake ndiye aliyesimama akiinamisha kichwa, na ndiyo sababu baadaye akahesabiwa mwanafunzi. Ilikuwa kelele kama lori la mawe linalomwaga mzigo bila kumaliza, na ndani ya mawe kulikuwa na mnyama anayenguruma.

"Huyu ndiye Masalu?"

"Ndiye."

"Mbona Masalu alikuwa na sauti laini? Kanisani walimweka na wasichana."

"Hii inatoka tumboni, Bibi, haitoki kooni. Mtu akiimba hivi hata mama yake mzazi hamtambui."

Bibi Justa akaifikiria hiyo. "Basi utanifundisha wewe," akasema. "Simpelekei Rebeka kelele nisizozijua. Nikishazijua nitamwita na kumwambia: njoo umsikie mwanao. Hapo ataamini."

"Ataamini yupo?"

"Ataamini alikuwepo. Mtu akishakuwa alikuwepo, unaweza kumlilia."

Ndivyo darasa lilivyoanza, kila Jumapili baada ya ibada, nyuma ya ghala, Bibi Justa kwenye kigoda na bakuli la michembe mapajani, akitafuna viazi vyake vikavu na kuuliza maswali.

Boaz alimwambia muziki huu ulizaliwa Uingereza, kwenye mji wa viwanda, na vijana ambao baba zao walishinda wakipondaponda chuma. Kutwa walisikia mashine, wakatengeneza muziki wa mashine. Ndiyo maana ukaitwa chuma kizito.

"Na nyie Rwamgasa uliwafikiaje?"

"Kwa sababu ya karasha, Bibi." Karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na Rwamgasa zinanguruma kuanzia alfajiri. "Ukiweka kwaya, karasha inaimeza. Ukiweka taarabu, inaimeza na marashi yake. Singeli inajitahidi. Fundi wa jenereta, Marselino, alikuwa na nyimbo hizi, aliachiwa na wazungu fulani wa kuchoronga miamba. Siku alipoziweka, karasha ikashindwa. Tukasikia kila kitu. Masalu alisimama na sururu begani, akasema, 'Hawa wanaimba kazini kwetu.'"

Wakaunda bendi. Marselino alipiga gitaa, Boaz alipiga mapipa matupu ya mafuta, Masalu akawa manju, yaani mwimbaji kiongozi. Waliiita Matimba, kwa jina la zile nguzo za miti zinazozuia kuta za shimo zisianguke.

Bibi Justa akaacha kutafuna. "Jina zuri," akasema. "Pungufu kidogo."

Kisha zikaja aina. Boaz alianza na ule wa wazee, gitaa zito na sauti ya mtu inayosikika wazi. "Huyu namsikia kila neno," Bibi akasema. "Tatizo letu ni Kiingereza tu."

Akamwekea thrashi, ule wa kuchapa, ngoma zinakimbia na gitaa linakimbizana nazo. Bibi Justa akaanza kutikisa bega. "Hii ni bugobogobo!" Ujanani aliicheza, ngoma ya wakulima, majembe yakirushwa na kudakwa huku shamba likigeuzwa. "Hawa wanalima shamba la baba mkwe, na baba mkwe amesimama mpakani. Hii naijua. Endelea."

Akamwekea ule wa ushujaa, waimbaji wanapanda juu kabisa wakisimulia mapanga na majoka. Bibi akasikiliza kwa huruma. "Huyu suruali inambana."

Akamwekea metali nyeusi, magitaa membamba kama upepo wa alfajiri na sauti ya mtu anayepiga mayowe kutoka ng'ambo ya mto. Akamwonyesha na picha, wanaume waliojipaka uso mweupe na mweusi. "Hawa wanatoka nchi za barafu, Bibi. Watu wanawaogopa."

"Niwaogope mimi? Hawa ni Wagalu." Alisema hivyo kwa dharau kamili, maana yeye alizaliwa Mgika, na kwa Wasukuma makundi hayo mawili ya ngoma yamekuwa yakishindana tangu babu wa babu zao. Manju mmoja huku, manju mwingine kule, kila mmoja na dawa zake na vituko vyake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. "Wagalu nao walikuwa wakijipaka. Nikaolewa na mmoja. Akishanawa uso, hamna kitu."

Siku hiyo Pantaleo, katekista, alikuwa akipita na baiskeli. Akashuka. "Bibi Justa, naambiwa nyuma ya ghala lako kuna sauti za shetani."

"Mwalimu, sikiliza hizo ngoma zinavyokwenda. Mtu afanye mazoezi hivyo awe shetani? Shetani ni mvivu, ndiyo maana anapenda kukaa na sisi huku."

Pantaleo akacheka bila kutaka, akapanda baiskeli yake.

Metali ya kifo Boaz aliichelewesha. Ndiyo aina waliyoipiga wenyewe, ile ya kunguruma. Alipofika hapo Bibi Justa alimuuliza kitu ambacho hakuwa akikitania.

"Kwa nini vijana wazima mnaimba mauti?"

"Kwa kuwa tunayaogopa, Bibi. Masalu alisema ukiyataja kwa sauti kubwa kabla hujashuka, unashuka mwepesi."

"Siku ile mliimba?"

"Siku ile jenereta halikuwaka."

Halafu ukabaki ule wa mwisho, wa polepole, wanaouita duumu. Gitaa moja linavutwa kama mtu anayevuta mguu, ngoma inapigwa, unasubiri, unadhani wamesahau, inapigwa tena. Ni mwendo wa watu waliobeba jeneza na njia ina matope. Bibi Justa aliusikiliza na kipande cha mchembe mdomoni bila kukitafuna. Ulipokwisha akakitoa, akakishika kiganjani.

"Rudia," akasema. Na uliporudiwa: "Wale wengine wote wanakimbia. Hawa hawakimbii. Hawa wameshafika."

Siyo kwamba alielewa upesi. Mwanzoni kila wimbo ulikuwa ukuta. Boaz ndiye aliyempa ufunguo. "Usisikilize kelele, Bibi. Nyuma ya kelele kuna watu, kila mmoja na kazi yake. Mtafute mmoja, umfuate. Kisha mwache, umtafute mwingine."

"Kama kupeta mtama."

"Kama kupeta."

Hilo alilijua. Akashika wimbo wa Masalu akaupeta, Jumapili baada ya Jumapili. Akalipeta gitaa la Marselino, akaliweka kando. Akayapeta mapipa ya Boaz, akayaweka kando. Ikabaki sauti, nayo akaikalia kama kuku anavyokalia yai, akitafuta ndani yake yule mtoto wa kwaya. Hakumpata, lakini akajiambia yumo.

Mwezi wa Januari, Jumapili moja, Boaz alikwenda kisimani kumchotea maji. Bibi Justa, ambaye kwa Boaz alijifanya hajui kubonyeza simu ili tu kijana asiache kuja, aliibonyeza kwa kidole kimoja kama mtu aliyezaliwa nayo. Akaupeta wimbo peke yake. Gitaa, kando. Mapipa, kando. Sauti, kando. Chini ya vyote kulikuwa na kitu ambacho siku zote alikihesabu kuwa mkwaruzo wa gitaa. Akakifuata. Kilikuwa kimetulia mno kwa gitaa, kama mchele unaomiminwa kwenye ungo wala haukomi. Wimbo ukafika mwisho, gitaa likafa, mapipa yakanyamaza, na kile kitu kikabaki kimesimama peke yake mpaka wimbo ulipokatika.

Alikisikiliza tena. Na tena. Boaz akatokea na ndoo begani.

"Mliimbia wapi wimbo huu?" Bibi akamuuliza.

"Kibandani kwa Marselino. Mabati matupu."

"Lini?"

"Julai, Bibi. Mwisho wa Julai, kabla ya..."

"Na hii inayonyesha ni nini?"

Boaz akaweka ndoo chini kwa uangalifu mkubwa. "Hainyeshi, Bibi. Ni gitaa hilo. Tunalitia mkwaruzo kwenye mashine, linatoa mvumo..."

"Gitaa lina vyura?"

Mwaka uliopita, kutoka Mei mpaka Septemba, hata umande uliwakwepa. Ng'ombe walilamba mawe. Huko Geita vilevile, Boaz mwenyewe aliwahi kumsimulia jinsi vumbi la Julai lilivyokuwa likiingia mpaka kwenye chai. Hakuna mkulima wa Usukumani anayesahau lini mvua ilianza. Anaweza kusahau siku aliyofunga ndoa.

Boaz alikaa chini, mchangani, mbele ya kigoda.

"Nyimbo zetu zote zilikuwa kwenye simu yake, Bibi. Hakuna hata moja. Ulinishika mkono. Ningekwambiaje hakuna? Nikarudi Rwamgasa, nikamwomba Marselino apige gitaa. Mimi nikapiga mapipa na kuimba. Mvua ilikuwa imeanza." Akakohoa. "Kunguruma alinifundisha yeye. Nilitoa vile alivyokuwa akitoa, kila mahali alipokuwa akivuta pumzi nilivuta. Koo ni langu, Bibi. Lakini wimbo ni wake."

Bibi Justa hakumpiga, ingawa fimbo ya kufukuzia mbuzi ilikuwa karibu. Aliitazama ile spika nyekundu. Alikuwa amemzika Masalu mara moja bila mwili, na sasa akamzika tena, ndani ya kopo.

"Nenda," alimwambia.

Boaz alikuwa amefika mlangoni pa boma wakati Rebeka alipotoka jikoni na hotipoti, akawamwagia kuku ugali wa jana. Kitambaa kilikuwa kimelegea, nywele zimechomoza kama majani ya kando ya ghala. Akamwona mama yake anavyotazama, akatabasamu.

"Masalu akija atanicheka, Mama. Nimekuwa kama mwendawazimu."

Bibi Justa akasimama. Akamfuata Boaz mpaka njiani, akamshika kiwiko palepale alipomshika siku ya msiba.

"Utanyamaza," akasema. "Na mimi nitanyamaza. Huyu atamsikia mwanawe."

"Na mvua, Bibi?"

"Nimekata vitovu vya nusu ya kijiji hiki. Wimbo ndio utanishinda? Ikifika pale gitaa linapokufa, nabonyeza. Umeisha."

Msalaba uliwekwa Februari, siku ya jua kali, mbingu safi kama sahani. Haukuwekwa juu ya kaburi, maana kaburi halikuwepo. Uliwekwa kando ya kaburi la babu yake Masalu, yule Mgalu, jina likiwa limechomwa kwa chuma cha moto kwenye mbao. Pantaleo akasali. Klara, shangazi yake Rebeka, alikuwa na wembe mpya kwenye pochi, kama alivyokuja nao mara zote. Rebeka alikuwa amekaa mkekani miongoni mwa wanawake kama mgeni aliyealikwa kwenye msiba wa watu asiowajua.

Bibi Justa akasimama mbele ya ukoo na spika na simu ya Boaz.

"Mtakachosikia sasa msikikimbie," akasema. "Kina majina mengi. Kuna wanaokimbia, kuna wanaojipaka, kuna wanaobanwa na suruali, hao leo siwaleti. Leo nawaletea wanaonguruma. Wanakitaja kile kitu tunachokiogopa, wanakitaja kwa jina, ili washuke wepesi. Anayeimba ni Masalu."

Akabonyeza. Watoto wakajificha. Wazee wakatazamana. Rebeka aliinua uso.

"Huyu si Masalu," akasema.

"Ni yeye."

"Masalu haimbi hivyo."

"Inatoka tumboni. Na tumbo hilo ulilibeba wewe." Bibi Justa hakuwahi kuongea kwa sauti ya chini namna ile. "Naapa kwa ziwa nililokunyonyesha, Rebeka. Ni mwanao."

Boaz, nyuma ya wanaume, alifumba macho.

Rebeka alisogea kwa magoti. Akaweka kiganja juu ya spika, na spika ikamtetemesha mkono mpaka kwenye bega. Hakuondoa. Akainamisha sikio lake. Kitu kikaanza kumpanda usoni taratibu, kama maji yanavyopanda kisimani, na gitaa lilipokufa, kidole cha Bibi Justa kikabonyeza, na katika ule ukimya Rebeka akapasua sauti.

Alilia kilio cha miezi yote. Alilia akimtaja Masalu kwa jina lake, akitaja shati alilomfulia, akitaja ugali. Wanawake wakampokea, kilio kikasambaa mpaka barabarani, na Pantaleo akavua kofia yake. Bibi Justa alilia pia, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti akahisi kifua chake kimefunguka, ingawa pembeni yake palikuwa na kitu kidogo kinachomchoma.

"Leteni wembe," Rebeka akasema.

Klara akapiga magoti nyuma yake, akafungua kile kitambaa. Nywele zikaanza kuanguka mkekani, kubwa, nyeusi, kama manyoya ya kondoo. Rebeka alikuwa amechukua spika na simu, kavilaza mapajani kama mtoto mchanga.

"Aniimbie nikinyolewa," akasema. Na akabonyeza palepale alipomwona mama yake akibonyeza.

"Niachie mimi, mwanangu, utaiharibu," Bibi Justa akasema, akanyoosha mkono. Lakini kati yao kulikuwa na magoti ya wanawake, na Rebeka alikuwa ameikumbatia simu. Wimbo ukaenda. Upande wa kushoto wa kichwa ulikuwa umeshakuwa mweupe na unang'aa. Klara akahamia wa kulia. Gitaa likavuma, mapipa yakagonga, sauti ikanguruma mara ya mwisho, gitaa likafa.

Hakuna aliyebonyeza.

Mvua ikanyesha. Ilinyesha ndani ya kile kikopo chekundu, juu ya mabati ya kibanda cha Rwamgasa, nzito, ya kupandia, na vyura wakaitikia kutoka madimbwini. Uani pale kila mkulima akaangalia juu bila kujua, akakuta mbingu ni tupu. Mkono wa Klara ukasimama na wembe.

Rebeka alisikiliza mpaka ilipokatika. Kisha akainuka, nusu ya kichwa upara, nusu nywele, na uso wake ulikuwa umewaka kwa furaha ya kutisha.

"Mlisema Agosti," akasema. "Agosti hapakuwa na mvua. Hii ni ya Oktoba, hii ni ya Novemba hii! Sikilizeni wenyewe. Mwanangu alikuwa anaimba mvua inanyesha." Alianza kucheka na kulia kwa pamoja. "Mama, yu hai! Umesema mwenyewe ni yeye. Umeapa. Shangazi, acha kuninyoa. Nipeni begi langu, naenda Rwamgasa."

Bibi Justa alimtazama Boaz. Boaz alikuwa akitazama mchanga. Akatafuta mzaha, popote, hata mbaya, hata wa kitoto. Mdomoni alikuta neno moja tu, nalo halikuwa lake.

"Hainyeshi, mwanangu," akasema. "Ni gitaa hilo. Wanalitia mkwaruzo."

Rebeka aliacha kucheka. Alimgeukia mama yake taratibu, na jinsi alivyomtazama, kila mtu uani aliona mahali furaha ilipokuwa ikimtoka.

"Mama," akasema. "Gitaa gani lina vyura?"